Nirudishie Sabra, au Nirudishie Ukali Wangu

Ghala la Mahindi,
Ruhuwiko, Songea.
Alhamisi, baada ya kazi.

Kwa Mwalimu Leonce,
Katekista na Mkuu wa Semina ya Uongozi wa Kikristo Kazini,
Ukumbi wa Parokia.

Ndugu Mwalimu wangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, marahaba. Nilikupakata siku uliyobatizwa, ukanikojolea kitenge kipya, kwa hiyo mambo ya nani aanze kumsalimia nani tuyaache, ingawa siku hizi wewe ni mwalimu na mimi ni mwanafunzi wako mwenye meno sita.

YAH: KUREJESHA KANUNI ZA UONGOZI PAMOJA NA CHETI CHAKE

Mimi ni Bibi Notburga, msimamizi wa akina mama kumi wanaopepeta mahindi katika ghala hapa Ruhuwiko. Kumi walikuwa. Sasa ni tisa. Shule sikusoma hata siku moja. Marehemu baba alisema shule ingenifanya mjeuri. Basi nimekuwa mjeuri bila shule, tena bila kulipiwa ada. Barua hii naisema kwa mdomo, na anaiandika Aurelia, mpepetaji wangu aliyemaliza kidato cha nne. Nimemwamuru aandike kila neno, hata yale anayoyakunjia uso, kisha anisomee yote mpaka mwisho. Ukiona mwandiko mzuri ni wake. Ukiona hasira ni yangu.

Sina maneno mengi. Naomba jambo moja kati ya mawili: unirudishie Sabra, au unirudishie ukali wangu. Vyote viwili vimeniondoka katika mwezi mmoja, na ghala haliendeshwi kwa mikono mitupu.

Sabra humjui, hasali kwetu. Ni Mwislamu wa Tunduru, amepanga chumba Mjimwema, na katika umri wangu wote sijaona mikono inayopepeta kama ile. Anarusha ungo mara moja, pumba zinakwenda zake, mahindi yanarudi yenyewe kama yameitwa majina. Tena mpole, haongei hovyo. Nikiumwa mgongo alikuwa ananiletea kigoda bila kuambiwa, anakiweka, anaondoka, kama vile kigoda kimejileta chenyewe.

Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumanne, nilimfokea mbele ya watu kwa ajili ya gunia lenye mawe. Akaweka ungo chini, akajifunga kanga vizuri, akaondoka. Sasa nasikia Jumamosi hii anapanda basi kurudi kwao moja kwa moja. Ndiyo sababu nilikuja kwenye semina yako, wala si kwa ajili ya chai na maandazi kama Hilda anavyonitangaza. Maandazi nilikula manne tu.

Na wewe uliahidi. Nilisikia kwa masikio yangu, nilikuwa bado sijasinzia. Ulisema msimamizi akiongoza kwa moyo wa Kristu, watu wake hawamkimbii. Mimi nimeongoza kwa moyo huo siku kumi na moja. Sabra hajarudi, na hawa waliobaki nusura wanilaze wodini. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba, kama ofisini.

1. Kuhusu kuosha miguu.

Ulisema kiongozi ni mtumishi, na Bwana mwenyewe aliwaosha miguu wanafunzi wake. Sawa. Jumatatu asubuhi nikaazima beseni kubwa kwa mke wa mwanangu Wendelini, nikateka maji, nikawasubiri akina mama mlangoni mwa ghala.

Mwalimu, wewe umezaliwa hapa hapa Songea. Unajua mwanamke wa kwetu akimsalimia mkubwa wake anapiga magoti. Sasa mkubwa mwenyewe akipiga magoti, mdogo afanye nini? Ulitufundisha habari za Petro kukataa kuoshwa, lakini hukutufundisha habari za Hilda. Nilipopiga goti mbele ya Hilda, Hilda naye akapiga magoti. Nikamwambia simama. Akasema, "Siwezi bibi, mimi nimelelewa." Nikamwambia basi kaa kwenye gunia. Akasema mimi chini yeye juu ya gunia, watu wa Ruhuwiko watasemaje? Huku tunabishana, kila anayefika anakuta bibi yuko chini, naye anashuka. Mwisho wake tulikuwa wanawake kumi tumepiga magoti kuzunguka beseni moja, na hakuna mguu hata mmoja unaofikika.

Nassoro, dereva wa lori, alipoingia akadhani tumefiwa. Akavua kofia, akasimama pembeni ameinamisha kichwa, kisha akaja kunipa mkono wa pole.

Hapo nilitumia ukali kidogo, Mungu anisamehe, nikawaosha kwa nguvu. Maji ya Songea mwezi wa saba unayajua. Jane alipiga yowe mpaka majirani wakatoka. Na bado hayo si malalamiko yangu. Malalamiko ni kwamba sisi kazi yetu tunaifanya peku, juu ya turubai la mahindi makavu. Miguu kumi na minane yenye maji ikapanda juu ya lundo, punje zikanasa vidoleni, mahindi yakalowa, na mnunuzi alipoleta kipimo chake cha unyevu kipimo kikakataa lundo zima. Siku mbili tumeanika upya. Mitume walikuwa wavuvi, Mwalimu. Miguu yenye maji haikuwaharibia kazi.

2. Kuhusu kusema kwa upole.

Sauti yangu unaijua. Nikiwa Ruhuwiko namwita kuku, kuku wa mtaa wa tatu anajiuliza amekosa nini. Wewe ukasema kiongozi wa Kikristo hafoki. Basi Jumatano nikaingia ghalani nikasema, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto, "Akina mama zangu, naomba tuchekeche upya hili fungu la mwisho, tafadhali."

Kila ungo ulisimama. Hilda akanishika paji la uso. Jane akasema bibi amepata kiharusi, tazameni mdomo unavyocheza. Mdomo ulikuwa unajaribu kutabasamu, Mwalimu, haujazoea. Nikawaambia kwa upole ule ule kwamba sina ugonjwa wowote, na hapo ndipo walipohakikisha kuwa ninao. Wanne wakanibeba, wengine wakakimbia kumwita Wendelini, mmoja akakoroga uji. Nimelazwa kitandani kwangu tangu saa tatu hadi saa tisa, akina mama tisa wamekaa mkekani wananitazama, lori la Nassoro linasubiri ghalani tupu. Nilipona pale tu nilipowatukana.

3. Kuhusu kondoo aliyepotea.

Ulisema mchungaji mwema anawaacha tisini na tisa, anamfuata mmoja aliyepotea. Ijumaa Jane hakuonekana. Nikawaacha wanane, nikachukua fimbo, nikamfuata. Nimezunguka Ruhuwiko nzima ninaita. Kumbe Jane alipita njia ya nyuma, yuko ghalani anapepeta, naye alipoambiwa bibi anamtafuta akatoka kunitafuta mimi. Wanane wakatoka kumtafuta Jane anayenitafuta. Mbuzi wa jirani wakaingia ghalani. Hao hawakupotea hata kidogo, walikwenda moja kwa moja.

Najua unataka kuuliza kwa nini nilimfuata Jane aliyechelewa nusu saa, nisimfuate Sabra aliyeondoka wiki mbili kabla ya hapo. Usiulize. Barua hii ni yangu.

4. Kuhusu kusamehe sabini mara saba.

Mtu asiyejua kuandika anahesabuje? Nilichukua makopo ya maziwa matupu, kila mama kopo lake, nikayapanga dirishani. Mama akikosa, nasamehe, natia punje moja. Zikifika zile za Bwana, nitakuwa huru kumfokea. Niliona nimeielewa kanuni kuliko wewe mwenyewe.

Mpaka Jumamosi Hilda alikuwa na punje kumi na moja, Jane saba pamoja na lile yowe. Jumatatu nikakuta kopo la ziada dirishani. Nikauliza hili la nani? Wakatazamana. Aurelia, huyu huyu anayeandika, akasema, "La kwako, bibi. Na sisi tunakusamehe."

Nikalinyanyua. Mwalimu, lilikuwa zito. Nikauliza, hizi ni za tangu msimu uanze? Hilda akasema, "Za leo asubuhi tu, bibi."

Nakuuliza wewe uliyesoma: kiongozi anawezaje kusimamia watu ambao wamekwisha msamehe? Hawaogopi tena! Nikikohoa, nasikia punje inaanguka.

5. Kuhusu kumwendea ndugu yako mkiwa wawili tu.

Hili ndilo linaloniuma, na ninaomba Aurelia aliandike taratibu.

Ulisema mwenzako akikosa, usimwaibishe mbele ya watu. Mwendee, mwonye, wewe na yeye peke yenu. Ulinitazama mimi uliposema hivyo, usikatae. Sasa sikiliza jinsi kazi yetu ilivyo, ndipo uniambie kanuni hiyo ingekaa wapi.

Ghalani kila mama ana safu yake ya magunia. Anapepeta, anajaza, anashona mdomo wa gunia kwa mkono, na mwisho anafunga fundo. Fundo ndiyo sahihi yetu. La Hilda limelegea kama mwenyewe. La Jane lina mkia mrefu. La Sabra ni dogo, safi, kama kifungo cha shati. Langu lina mizunguko mitatu kisha linarudi nyuma, nilifundishwa na mama yangu, na Songea nzima hakuna mwingine anayelifunga. Hata ukinifumba macho, vidole vyangu vinalitambua. Maana na mimi napepeta, gunia moja kila siku, wasije wakasema msimamizi kazi yake mdomo tu. Ni kweli siku hizi mawe na mahindi machoni mwangu yanafanana kama mapacha, lakini gunia moja halinishindi.

Jumanne ile lori lilikuwa limesimama, wapakiaji wako tayari. Nikashika bambo langu, kile chuma chenye mfereji tunachochoma gunia kuonja kilichomo, nikapita safu kwa safu. Safu ya Sabra, gunia la mwisho, nikachoma. Yakatoka mawe. Nikachoma tena. Mawe. Mwalimu, damu ilinipanda. Nikachukua wembe nikalichana lile gunia ubavuni, vyote vikamwagika chini, mahindi na mawe, mbele ya akina mama wote, mbele ya Nassoro na wapakiaji wake. Nikasema kwa sauti ile unayoijua, "Sabra! Huko kwenu Tunduru mnakula mawe?"

Nassoro akacheka. Wapakiaji wakacheka.

Sabra akainama. Akaliangalia lile gunia pale chini, akaliangalia sana. Nilidhani anatafuta uongo wa kusema. Halafu akaniangalia mimi usoni. Akasema, "Haya, bibi." Basi. Ungo chini, kanga, mlango.

Sasa niambie, hapo ningemwendea peke yake wapi? Ghala ni chumba kimoja! Ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakuombea afya. Hata hivyo, kwa kukutii wewe, jana nimekwenda Mjimwema. Nilikwenda na Aurelia, Hilda na Jane, maana kikongwe hatembei peke yake umbali ule, na pia nilitaka mashahidi wa upole wangu. Tukamkuta Sabra uani anafunga begi la safari. Nikataka kusema neno zuri. Lililotoka ni kwamba begi amelifunga vibaya, litapasuka kabla ya Namtumbo. Nikatafuta lingine. Likatoka la kwamba maharage yake jikoni yanaungua. Yalikuwa yanaungua kweli.

Mwisho nikajikaza. Nikamwambia, "Sabra mwanangu, nimekusamehe."

Akaacha kamba ya begi. Akasogea karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini mno, mpaka nikainama kumsikia, "Kosa lipi, bibi?"

Nikasema, "La mawe."

Akawatazama wale watatu waliosimama nyuma yangu. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Asante, bibi. Karibuni chai." Tukanywa chai ya tangawizi, nzuri sana, tukarudi. Na begi halikufunguliwa.

Unaona mwenyewe. Nimekwenda, nimesamehe, nimekunywa na chai, na bado anaondoka! Kanuni yenu imeshindwa, si mimi.

Kwa sababu hizo tano, na nyingine ambazo Aurelia amesema karatasi haitoshi, naomba yafuatayo kwa heshima zote.

Kwanza, nifutiwe semina. Mtu akichanjwa chanjo ikamletea homa, si anarudi zahanati? Mimi nimerudi.

Pili, kama kufuta haiwezekani, niruhusiwe kuwa Mkristo siku za Jumapili na sikukuu za amri, na siku za kazi niwe Notburga.

Tatu, kama hilo nalo ni gumu, kanuni ziwekewe msimu. Zianze mahindi yakishakwisha ghalani, mwezi wa kumi na moja hivi, wakati sina mtu wa kumsimamia.

Nne, kama yote yameshindikana, parokia initafutie mtu wa kunifokea wafanyakazi kwa niaba yangu. Awe amebatizwa, lakini si sana. Awe na sauti. Akipatikana mwanamume atapewa kofia, akipatikana mwanamke atapewa bambo langu.

Cheti chako nimekitia ndani ya bahasha hii. Lile doa ni mafuta. Na ile pembe iliyoungua usinilaumu, siku moja kuni zilikuwa mbichi nikakosa cha kupepea moto.

Nisalimie mkeo na wanao wote, hasa yule mdogo anayenikimbia kanisani. Mwambie bibi hali watoto, anawabana mashavu tu. Msalimie Baba Paroko, lakini barua usimwonyeshe. Wasalimie akina mama wa jumuiya na yule aliyekaanga maandazi, mwambie chumvi ilizidi, isipokuwa asiambiwe mbele ya watu. Nawasalimu na wote ambao nimewahi kuwafokea, yaani mji mzima.

Nabaki mtiifu wako kwa shingo upande,

Bibi Notburga
(dole gumba langu hilo hapo chini, wino umemwagika kidogo)

N.B. Jumamosi, adhuhuri.

Mwalimu, barua uliyoisoma hapo juu imelala siku mbili chini ya mizani. Aurelia alipomaliza kunisomea juzi, hakuitia kwenye bahasha. Aliishika tu. Kisha akauliza, "Bibi, lile gunia lilikuwa na fundo la nani?" Nikamwambia umeitwa kuandika, hukuitwa kuuliza. Akasema, "Haya, bibi."

Nilikuwa nimewahi kuisikia ile "haya, bibi". Sikuweza kula jioni hiyo.

Basi nakwambia, maana hata usipoambiwa na mimi Mungu ameshaambiwa. Lile fundo lina mizunguko mitatu na linarudi nyuma.

Nililijua tangu Jumanne ile ile. Jioni nilikunja gunia ili nilishone ubavu, vidole vikafika mdomoni mwake, vikasimama. Ndipo nikakumbuka: siku iliyotangulia safu yangu ilikuwa imejaa, gunia langu nikalisukuma mwenyewe kwenye safu ya Sabra. Nililipepeta mimi, kwa macho yangu haya. Mawe yalikuwa yangu yote. Gunia sikulishona, nililificha chini ya godoro, na wiki tatu nimelilalia, nikiamka mgongo unauma namlaumu Wendelini kwamba kitanda amenitengenezea kibovu.

Kwa hiyo lalamiko la kwanza mpaka la tano yafute yote. Niliosha miguu kumi na minane ili nisiende kuosha miwili. Nilimsaka Jane ambaye hakuwa amepotea. Nilisema kwa upole na kila mtu isipokuwa yule niliyemfokea. Na nilivuka mji mzima kwenda kumsamehe mtu kwa kosa langu mwenyewe, nikanywa na chai yake.

Jana, Ijumaa, nilikwenda Mjimwema peke yangu. Kikongwe anaweza, kumbe. Gunia nimelibeba begani. Sabra alikuwa ametoka kuswali, bado na mtandio wake. Mimi mwenye sauti ya kuita kuku wa mtaa wa tatu nikamshikisha tu mdomo wa gunia mkononi. Hakuuangalia hata. Akasema, "Nalijua, bibi. Nililiona siku ile pale chini."

Nikamuuliza kwa nini hakusema? Nilimwaibisha mpaka wapakiaji wakacheka, na jibu alikuwa nalo miguuni pake!

Akasema, "Mbele ya Nassoro, bibi? Ungeiweka wapi sura yako?"

Alikuwa akinisubiri niende peke yangu. Wiki tatu alisubiri, na nilipokwenda nilikwenda na umati, akaona akisema atanivua nguo mbele ya Hilda, akatupa chai. Mwalimu, ile kanuni ya tano uliyotufundisha siku mbili kwa ubao na chaki, na mimi nikaishindwa, mama wa Tunduru ambaye hakuwepo semina alikuwa anaishika, na mtu ambaye alikuwa anamsitiri aibu ni mimi.

Nilipiga magoti. Na yeye akapiga magoti, kama Hilda. Safari hii sikubishana. Tuliongea hapo hapo chini, mpaka magoti yangu yakakataa kunyanyuka akanivuta.

Hakunipa sharti lolote. Sharti nilijipa mwenyewe: nilimtukana kwa sauti kubwa mbele ya watu, siwezi kumtaka radhi kwa kunong'ona uani. Basi la Tunduru limeondoka alfajiri ya leo bila yeye. Asubuhi nimemzuia Nassoro asiwashe lori, nikawakusanya wapakiaji na akina mama wote, nikapanda juu ya gunia na kulisema jambo hili kwa sauti ile ile uliyoniambia niiweke kando. Nafikiri hata wewe huko parokiani umeisikia. Nikamwambia Nassoro, cheka sasa, maana siku ile ulicheka bure. Akacheka, na mimi nikacheka, na Hilda akalia, maana Hilda hajui kufuata wenzake. Kisha akachukua kopo langu dirishani akalimwaga lote juu ya lundo la mahindi. Nikamfokea: zile punje zimekaa dirishani wiki nzima, hazijapepetwa! Wote wakashangilia kwamba bibi amepona.

Cheti nimekitoa kwenye bahasha, usikitafute. Na semina ijayo niwekee nafasi mbili. Sabra anasema kusikiliza hakuvunji swaumu, na mimi nahitaji mtu wa kuniamsha.

Baada ya hapo kazi iliendelea. Sabra ameketi kwenye safu yake, amejaza gunia la kwanza, ameshona, amefunga kile kifundo chake cha kifungo. Nikachukua bambo kama kawaida, wote wananitazama, na yeye ananitazama. Nikachoma. Nikamwaga punje kiganjani, nikazisogeza karibu na macho, nikazipapasa kwa kidole. Katikati palikuwa na jiwe moja dogo.

Nimelitia mfukoni.